Funga Skrini Kabla Hujanyanyuka: Vitufe vya Kuloki Kompyuta

Kama kompyuta yako ni ya Windows, shikilia kitufe chenye alama ya dirisha, gusa herufi L, achia. Imejifunga. Kwenye Mac ni Control, Command na Q kwa pamoja. Ubuntu ni dirisha na L vilevile, Linux Mint ni Ctrl, Alt na L. Kwenye Chromebook ni L pamoja na kitufe cha kutafutia, ambacho mara nyingi kimekaa pale ilipozoeleka Caps Lock. Aliyefuata vitufe tu ameshavipata.

Yanayofuata ni kwa anayetaka skrini ifungwe kweli. Kubonyeza ni sekunde moja, lakini kuna kompyuta zinafungwa kutwa nzima na haziko salama hata kidogo: hazina nywila, au nywila yake inajulikana na ofisi nzima, au imeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa chini ya skrini. Na anayeingia kwenye kompyuta iliyoachwa wazi kwa kawaida si mdukuzi wa kwenye sinema. Ni mwenzako wa meza ya pili anayetaka kuona fulani analipwa ngapi, ni mteja aliyeegemea kaunta, ni mdogo wako anayetafuta gemu, ni mtoto wa miaka mitatu aliyeona vitufe vinavutia.

Anza na nywila

Jaribu sasa hivi. Funga skrini, subiri kidogo, kisha gusa Enter. Ikikurudisha kwenye kazi zako bila kukuuliza chochote, akaunti yako haina nywila, na vitufe vyote nilivyotaja hapo juu vinakufunikia skrini tu. Kwa Windows 10 na 11, rekebisha hivi:

1. Bonyeza dirisha na I ili Settings ifunguke.
2. Ingia Accounts, kisha Sign-in options.
3. Chagua PIN kama unapenda namba. Kama akaunti ni ya mashine yenyewe tu, isiyo na barua pepe, itakudai uweke Password kwanza ndipo PIN ikubali.
4. Kwenye ukurasa huohuo kuna swali kwamba ukiwa umeondoka, Windows ikudai kuingia upya wakati gani. Jibu lolote, ilimradi lisiwe "Never".
5. Funga tena kwa dirisha na L, ujaribu kuingia.

PIN ina faida moja ambayo watu hawaijui: inafanya kazi kwenye mashine hiyo tu. Aliyeichungulia hawezi kwenda nayo nyumbani akafungua barua pepe yako, tofauti na nywila ya akaunti ya Microsoft. Lakini nakuomba sana, PIN ya kompyuta isiwe namba yako ya siri ya M-Pesa au ya mtandao wowote unaotunzia pesa. Namba ya kompyuta utaiandika mara nyingi kwa siku, mbele za watu, kwenye kibodi pana ambayo kila aliyesimama nyuma yako anaiona. Mwenye macho ataishika siku ya kwanza. Na mwaka wa kuzaliwa nao tuuache, ofisi nzima imekula keki yako.

Mkono unavyokaa

Tazama chini kushoto mwa kibodi. Kitufe cha dirisha kiko kati ya Ctrl na Alt, na kwenye laptop nyingi Fn nayo imejipenyeza hapo. L iko kulia, mstari wa katikati, chini ya kidole cha pete cha mkono wa kulia kwa aliyejifunza kuchapa kwa vidole vyote. Mkono wa kushoto utangulie: ushikilie dirisha, ndipo wa kulia uguse L mara moja. Ukivibamiza vyote kwa pupa L ikatangulia, utaandika "l" kwenye barua uliyokuwa nayo na menyu ya Start itafumuka mbele yako, skrini ikiwa bado wazi. Hilo linawapata sana wanaokimbilia simu inayoita.

Kibodi kubwa za mezani nyingi zina dirisha la pili upande wa kulia, karibu na Alt ya huko. Kama unayo, mkono mmoja unatosha: gumba kwenye dirisha, kidole kingine kwenye L, na kikombe cha chai hakijatoka mkono wa kushoto.

Mazoea hayaji kwa kukumbuka, yanakuja kwa kufungamanisha tendo na tendo. Chagua jambo ambalo mwili wako hufanya kila unaponyanyuka, kwa mfano kusukuma kiti nyuma, kisha ujiwekee kwamba kiti hakisogei kabla skrini haijafungwa. Ofisi nyingine wana mchezo wao: ukiiacha wazi, mwenzako anaandika kwenye kundi la ofisi kwa jina lako kwamba leo soda za wote ziko juu yako. Mchezo huo unafundisha haraka kuliko semina, ila mkubaliane kwanza. Kuingia kwenye kompyuta ya mtu bila idhini ni kosa kisheria, Tanzania kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 na Kenya kwa sheria yao ya mwaka 2018, na si kila mtu atacheka.

Kufunga si kuhifadhi

Skrini ikifungwa, kompyuta haijalala wala haijazimika. Faili inayoshuka inaendelea kushuka, muziki unaendelea kupiga, printa inaendelea kutoa kurasa zilizobaki. Ndiyo raha yake: ukirudi unakuta kila dirisha pale ulipoliacha.

Ila ile hesabu ya Excel ambayo hujaihifadhi nayo iko vilevile, haijahifadhiwa. Umeme ukikatika wakati uko mezani unakula, kompyuta ya mezani isiyo na UPS inazimika na kazi yako nayo. Kwa hiyo wanaoishi na mgao wajizoeshe vitendo viwili mfululizo: Ctrl na S, kisha dirisha na L. Kwa mazoea vinakuwa kama pigo moja. Mimi nabonyeza Ctrl na S hata pale ambapo hakuna cha kuhifadhi.

Kuna matumizi mengine ya kufunga ambayo hayahusu usalama kabisa, nayo ni kufuta vumbi. Ukipitisha kitambaa kwenye kibodi wakati barua iko wazi utaandika mistari mitatu ya takataka na huenda ukafuta aya. Funga kwanza ndipo ufute. Usishangae tu kama baadaye Windows inakuomba uandike A1B2C3: imeona PIN imekosewa mara nyingi na inataka kuhakikisha kwamba anayeandika ni mtu na kibodi ni nzima. Andika hivyohivyo ilivyo, kisha PIN yako.

Vitufe vikigoma

Dirisha na L vimekuwepo tangu Windows XP ya mwaka 2001, hivyo hata ile kompyuta kongwe ya stoo inayotumia Windows 7 inavielewa. Visipofanya kazi, sababu huwa mojawapo ya hizi.

Ya kwanza ni kibodi ya gemu. Nyingi zina namna ya kuua kitufe cha dirisha ili mchezaji asitolewe nje ya mchezo kwa bahati mbaya. Huwa ni Fn pamoja na dirisha lenyewe, au Fn na kimojawapo cha vitufe vya juu chenye mchoro wa kufuli. Bonyeza tena ndivyo kinavyofufuka. Kujua kama kitufe kiko hai, jaribu dirisha na E. Folda zikifunguka, tatizo si dirisha.

Ya pili ni herufi L yenyewe kufa, jambo la kawaida kwenye laptop za mtumba. Hapo tumia Ctrl, Alt na Delete. Skrini ya rangi moja itatokea na neno "Lock" liko juu kabisa ya orodha. Njia hii ni ya zamani kuliko zote. Vitufe hivi vitatu vilibuniwa na David Bradley, mhandisi wa IBM, kwa ajili ya kompyuta yao ya mwaka 1981, na kazi yake ilikuwa kuiwasha upya mashine iliyoganda. Vilichaguliwa vilivyo mbali na vingine makusudi ili mtu asivibonyeze kwa bahati mbaya. Windows NT ikaja kuvipa kazi ya kuingilia na kufungia, kwa sababu programu ya kawaida haiwezi kuvidaka njiani ikajifanya ndiyo skrini ya kuingilia.

Kama hutaki hata hivyo vitatu, tengeneza njia yako ya mkato. Bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya mahali patupu kwenye eneokazi, chagua New, kisha Shortcut. Kwenye kisanduku andika mstari huu bila kuongeza nafasi yoyote baada ya mkato:

rundll32.exe user32.dll,LockWorkStation

Herufi kubwa L, W na S lazima zibaki kubwa, vinginevyo haitafanya kitu. Endelea, ipe jina, tuseme "Funga", umalize. Kisha bonyeza kitufe cha kulia juu ya alama hiyo mpya, ingia Properties, weka kishale kwenye kisanduku cha Shortcut key na ubonyeze herufi unayoitaka. Ukibonyeza K, Windows yenyewe itaandika Ctrl + Alt + K. Bonyeza OK. Alama hiyo iache palepale kwenye eneokazi, maana ukiihamishia kwenye folda nyingine vitufe vyake vinaacha kuitika.

Sababu ya tatu: mtu wa kompyuta wa ofisini amezuia kufunga, au programu fulani imezuia. Ukibonyeza Ctrl, Alt na Delete ukakuta "Lock" haimo kabisa kwenye orodha, ndiyo dalili. Kama mashine ni ya kazini mwone yeye. Kama ni yako, fungua programu ya regedit, fuata HKEY_CURRENT_USER, Software, Microsoft, Windows, CurrentVersion, Policies, System, utafute DisableLockWorkstation. Ikiwa 1, ibadilishe iwe 0. Usiguse kingine humo ndani.

Wanaofanya kazi kwa kuingia kwenye kompyuta ya mbali kwa Remote Desktop wana lao: Ctrl, Alt na Delete vinashikwa na mashine iliyo mbele yako, si ile ya mbali. Kwa ile ya mbali bonyeza Ctrl, Alt na End, kisha chagua Lock.

Nywila sahihi inakataliwa

Malalamiko haya ni mengi kuliko ya vitufe, hasa Bujumbura, Goma, Bukavu na Lubumbashi ambako kibodi za Kifaransa zimejaa, na popote wanapouza laptop za mtumba kutoka Ulaya. Mtu anafunga skrini, anarudi, anaandika nywila ileile, inakataa. Anadhani ameingiliwa.

Kwenye kibodi ya Kifaransa A iko mahali pa Q, Z iko mahali pa W, na namba za mstari wa juu zinataka Shift. Ya Kijerumani imebadilishana Y na Z. Sasa skrini iliyofungwa inaweza kuwa inatumia mpangilio wa lugha tofauti na ule uliokuwa ukiutumia dakika moja kabla, nawe huoni kitu ila vidoa. Tazama pembe ya chini kulia ya skrini ya kuingilia: kuna herufi tatu, ENG au FRA. Bonyeza hapo ubadilishe. Kisha gusa ile alama ya jicho pembeni mwa kisanduku cha nywila na uishikilie ili uone unachoandika hasa, ukiwa umehakikisha hakuna mtu nyuma yako. Caps Lock na Num Lock navyo vikague. Herufi L haijahama katika kibodi hizi zote, kwa hiyo kufunga hakuna shida. Shida ni kurudi.

Kwenye Mac yenye kibodi ya Kifaransa, inayohesabika ni Q ya mpangilio uliouchagua. Kama umeiweka kwenye Kiingereza, Q yako ndiyo ile iliyoandikwa A.

Mac, na wengine

Control, Command na Q vilianza kufunga skrini kwenye macOS High Sierra ya mwaka 2017. Tahadhari ni moja na ni kubwa: kidole cha Control kikichelewa umebonyeza Command na Q, na programu iliyo mbele inafungwa. Anza na Control kila mara. Command, Shift na Q nayo ni nyingine kabisa, inakutoa kwenye akaunti yako. Kwa kuwa vitufe hivi vimesongamana hivyo, kwenye Mac mimi napendelea kona: ingia System Settings, Desktop & Dock, bonyeza Hot Corners, uchague Lock Screen kwa kona mojawapo ya chini. Ukisukuma kishale hapo, imefungwa. Mac zenye Touch ID, kile kitufe cha alama ya kidole, kibonyeze mara moja inatosha.

Kisha kwenye System Settings, Lock Screen, hakikisha nywila inadaiwa "Immediately". Kuna Mac nyingi zimewekewa dakika tano za huruma, na hizo zinamtosha mtu kunakili folda.

Linux sina la kuongeza sana. Inategemea sura ya eneokazi uliyonayo: GNOME na KDE wanatumia dirisha na L, Cinnamon na XFCE wamezoea Ctrl, Alt na L. Anayependa terminali aandike loginctl lock-session.

Saa ya akiba

Siku moja utasahau, kwa hiyo weka saa nyuma ya mkono wako. Kwenye Windows andika "screen saver" kwenye kisanduku cha kutafutia cha Start, fungua, weka dakika tano, na utie alama kwenye "On resume, display logon screen". Bila alama hiyo, anayegusa kipanya anaingia tu. Wengine huweka dakika moja kwa woga, halafu wanachoka kuandika PIN katikati ya kusoma, wanaizima kabisa.

Windows 10 na 11 zina pia Dynamic lock, ambayo iko humohumo Sign-in options: unaunganisha simu kwa Bluetooth, na ukiondoka nayo kompyuta inajifunga. Ni nzuri kwa msahaulifu lakini usiitegemee peke yake. Inachukua kama dakika nzima baada ya simu kuwa mbali, Bluetooth inaweza kupenya ukuta wa chumba cha pili, na anayeacha simu ikichaji mezani hajaondoka machoni pa kompyuta.

Jambo dogo ambalo husahaulika: ujumbe unaoingia unaweza kuchungulia juu ya skrini iliyofungwa. Settings, System, Notifications, ondoa kuonyeshwa kwenye skrini iliyofungwa. Mkuu wako akikuandikia kuhusu nyongeza ya mshahara, usomwe na wewe.

Kompyuta ya watu wengi

Duka la stationery au saiba yenye kompyuta moja na wahudumu wawili wanaotumia akaunti moja, kufunga kunawazuia wateja tu. Hilo nalo si dogo: kila unapogeuka kwenda kwenye mashine ya kutoa kopi, mteja wa mbele anaachwa na vitambulisho vya wateja waliotangulia, namba zao za simu, vyeti vyao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 na ile ya Kenya ya 2019 zinamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde, na kaunta ya stationery imo. Lakini kati ya wahudumu wenyewe, mfungulieni kila mtu akaunti yake kwenye Accounts, Other users. Mmoja akifunga, mwingine anaingia kwa jina lake kutoka pembe ya chini ya skrini bila kuzima kazi za mwenzake.

Kwa mteja mambo yanageuka. Kompyuta isiyo yako usiifunge, toka. Nywila yake huijui, na ukiifunga umewaloki wenyewe huku WhatsApp yako bado iko wazi ndani yake. Fungua dirisha la faragha tangu mwanzo, Ctrl, Shift na N kwenye Chrome. Ukimaliza lifunge, kisha kwenye simu yako ingia WhatsApp, vifaa vilivyounganishwa, uiondoe kompyuta hiyo. Na kile kitambulisho ulichokishusha ili kichapwe bado kimelala kwenye folda ya Downloads: kichague, ubonyeze Shift na Delete kwa pamoja, kwa sababu Delete peke yake inakipeleka kwenye pipa ambalo yeyote anaweza kulifungua.